Kasha la Baba Mkwe

Kompyuta ile haikumgandia mtu mwingine yeyote. Watoto waliichezea mpaka wakafukuzwa, na Venance, aliyeiunga kwa mikono yake pale sebuleni kwao Bulyaga, aliangalia mpira humo tangu mchana hadi jioni. Lakini Atuganile, mkewe, akikaa tu, mshale unasimama, feni inakata, kibodi inakuwa kipande cha ubao.

Na kompyuta ilitengenezwa kwa ajili yake. Alikuwa akichapa mitihani ya shule moja huko Ikuti, na kazi hiyo ndiyo iliyolisha nyumba tangu Venance aachishwe kiwandani. Mwalimu mkuu alishamwambia kwa upole kwamba mitihani ikichelewa tena, atatafutwa mtu mwingine.

Venance alibadilisha memori, akaweka programu zote upya, akapuliza vumbi. Mwisho akasema labda mkewe ana vidole vya kulimia viazi. Atuganile alingoja mumewe atoke, akachukua bisibisi, akalifungua kasha la kompyuta mwenyewe.

Harufu ndiyo iliyompokea: ugoro, na chini ya ugoro, meno yaliyooza. Juu ya prosesa, pale Venance alipopaka dawa nyeupe ya kupoza joto, palikuwa na kitu cha kijivu kinachovutika kama mlenda, chenye vinyweleo vifupi vyeupe ndani yake, na kilikuwa na joto la mwili ingawa kompyuta ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Alikifuta kwa tambara la jikoni, akalitupa tambara chooni, akanawa kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ikawasha. Kesho yake kilikuwa kimerudi, kingi zaidi.

Shangazi Ikupa, dada wa marehemu baba yake Venance, alipoelezwa hakuuliza habari za memori. Aliuliza kasha limetoka wapi. Kumbe lilikuwa la kompyuta ya zamani ya mzee Ambilikile, marehemu mwenyewe. Venance alitupa vya ndani vilivyochakaa, akabakiza bati na feni.

"Sasa mwanangu," shangazi akasema kwa sauti ya chini, "alipokuwa hai uliwahi kuketi naye goti kwa goti?"

Hata siku moja. Kwa desturi yao mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe wala hamtazami usoni. Miaka yote ya ndoa, Atuganile alimjua mzee yule kwa viatu vyake na harufu ya ugoro wake.

"Basi anaona haya. Mfunike. Na umpigie goti kabla hujakaa."

Aliona ni upuuzi, ila upuuzi usiogharimu kitu. Akalifunika kasha pale chini ya meza kwa kitenge, akapiga goti, akasalimu huku macho yakiwa sakafuni. Kompyuta ikaenda kama maji, siku ile na iliyofuata.

Mtihani wa mwisho aliuchapa alasiri, ukungu umelala dirishani na mvua inapiga bati, na alikuwa amefika swali la mwisho alipohisi magoti yake yanapata joto, akainama, akaona kitenge kinavutwa ndani na kusukumwa nje, kinavutwa na kusukumwa, na pale kilipogusa feni pamelowa duara la ukubwa wa mdomo, na harufu ya meno yale ikapanda mpaka akaionja ulimini, na ndipo spika zikasema, taratibu:

"Atuganile."

Mzee Ambilikile hakuwahi kulitamka jina hilo. Akiwa na shida alimtuma mtoto.

"Wewe si baba mkwe," alinong'ona.

"Yule nilishammaliza," sauti ikajibu, kama ya mtu anayetafuna. "Makombo umeyafuta mwenyewe. Umenipigia goti vizuri. Chapa."

Skrini haikuganda. Swali la mwisho lilikuwa limekosa alama ya kuuliza tu. Atuganile akaiweka, akahifadhi kazi, akachomoa flashi, ndipo akatapika.

Flashi ilitoka na ute, ina joto kama peremende iliyotemwa na mtoto. Aliifuta kwa kanga. Ikalowa tena. Akaifuta tena, akaifunga kwenye leso, akatoka mvuani kutafuta bodaboda ya Ikuti, kwa sababu shule ilikuwa inasubiri, na asubuhi watoto wangeketi kufanya mtihani.