Magunia Yaliyozidi Uzito

Ndege ndogo ilikuwa imelalia pua katika shamba la mahindi nyuma ya ploti za Kayole, Nairobi. Iliruka saa moja asubuhi, ikapanda kidogo, ikaanguka bila kushika moto. Waliokufa ni wawili: rubani Chege, na Bile, mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka miraa yake Mogadishu.

Kufikia saa nne polisi walikuwa wameshamtia ndani Opicho, karani aliyepima magunia ya miraa hiyo kwenye stoo ya mtaa wa Tena, eti aliandika uzito wa uongo, ndege ikalemewa. Mkuu wa kituo alitaka mtu, akapata. Inspekta Rispa Nabalayo hakuridhika. Alimfuata Opicho seli.

"Uliandika kilo ishirini na tano kila gunia?"

"Ndiyo, afande. Gunia arobaini. Mizani yangu iko sawa, panda hata wewe nikupime."

"Usinichokoze. Hivi ni vifo viwili. Utazeekea ndani."

"Najua. Ndiyo maana naomba uende upime."

Alikwenda. Kwanza aliijaribu mizani kwa pakiti za unga. Haikuwa na kasoro. Kisha akapima gunia moja lililookotwa shambani. Kilo thelathini na moja! Lilikuwa linachuruzika maji, na mvua haikuwa imenyesha tangu Krismasi.

Kutoka kwenye mizani hadi kwenye ndege, magunia yalikuwa mikononi mwa Mahad, kaka yake Bile. Jioni Nabalayo alimkuta msibani, mtaa wa Umoja, akamwita kando.

"Pole sana, Mahad. Nani aliyalowesha magunia?"

Mahad alitazama chini. "Ni mimi. Yakishapimwa, niliyamwagia maji kwa mpira wa bomba."

"Kwa nini?"

"Safari iliyopita mzigo wa Bile ulifika umenyauka. Wateja walimcheka, wakamwachia mzigo wake. Nilitaka huu ufike mbichi."

"Umeongeza kilo mia mbili na arobaini. Ulimwambia rubani?"

"Hapana. Angeshusha gunia zingine."

Basi Opicho angelala kwake usiku huo. Nabalayo alimhurumia Mahad, tena sana, lakini pingu alizitoa.

"Bile alijua?"

Mahad akaanza kulia mbele ya wazee wote. "Hakujua. Tulipakia pamoja. Akaniambia, 'Ndugu yangu, leo hizi gunia ni nzito.' Nikamwambia aache uvivu, abebe."