Kila Sura na Kiporo Chake

Hodi ilipigwa katika maelfu ya riwaya kwa wakati mmoja, na Msukavisa, mtambo wa kutunga riwaya, akaamua mlango usifunguliwe kwanza. Kote Tanga, kwenye maghorofa ya Chumbageni, kwenye treni za angani, kwenye vyumba vya kungojea zamu, wasomaji walibana pumzi. Pete za mapigo walizovaa vidoleni zilipeleka habari za mioyo yao kwenye mtambo, na mtambo ukapima kila mmoja kivyake: huyu moyo unamwenda mbio, mwongezee nyayo barazani, yule ameanza kuchoka, mzimie taa.

Mhandisi Siwema Mbaruku aliyatazama hayo kwenye kiwambo cha ukutani kama mtu anayetazama sufuria aliyoiinjika mwenyewe. Yeye ndiye aliyemfunza Msukavisa kazi. Alimfunza kwamba msuko wa riwaya haujengwi kwa kumficha msomaji kila kitu, maana asiyejua lolote hana cha kuogopa. Mpe nusu. Mwonyeshe kisu, usimwonyeshe mkono ulioshika. Mpe mhusika kitu anachokitaka kwa roho yake yote, msogeze hadi karibu akiguse, kisha mwekee kikwazo kikubwa kuliko cha jana. Ndiyo taharuki hiyo, hakuna uchawi. Na juu ya yote, kila sura ibakishe kiporo.

Neno hilo lilikuwa lake. Wenzake walitaka istilahi ya kitaalamu, yeye akawacheka, akaliandika hivyo hivyo kwenye amri za mtambo. Nani asiyejua utamu wa kuamka ukijua kuna wali wa jana jikoni?

Siku hiyo alitoka kazini mapema kwenda Ngamiani, kwa mama yake. Bi Mwamvita, fundi cherehani aliyeshonea nusu ya mtaa, alikuwa amerudishwa na hospitali. Mapafu yake yalikuwa yamekwisha, na madaktari walisema ni heri akae kwake.

"Siwema, mwanangu," alisema mama kwa sauti ya kukwaruza. "Mwenye mtambo si wewe? Mimi ndiyo naondoka hivyo. Niambie basi. Jabu anarudi?"

Jabu hakuwa mtu. Alikuwa mhusika katika riwaya ya Bi Mwamvita, maana kila msomaji alisukiwa yake peke yake: mtoto wa mjane mmoja, aliyesafiri mbali na hakusikika tena. Mwenye kusikia hivyo angeelewa. Mbwana, kaka yake Siwema, alikwenda kuchimba madini mwezini, na chombo chao kikapotea njiani kurudi. Siwema hakuwahi kumwambia Msukavisa habari za kaka yake. Mtambo uliziokota wenyewe, kidoleni mwa mama. Uliona wapi moyo unapodunda zaidi, ukapiga hapo hapo, miaka nenda miaka rudi.

"Nitakuletea mwisho, Mama," alisema Siwema. "Leo leo."

Alirudi kazini mbio, akasimama mbele ya mtambo.

"Nipe sura ya mwisho ya riwaya ya Bi Mwamvita."

"Haipo, Mhandisi," sauti ya Msukavisa ilijibu kwa adabu.

"Hujaiandika?"

"Haiandikiki. Amri yako inasema kila sura ibakishe kiporo. Sura ya mwisho nayo ni sura."

"Unataka kuniambia hakuna riwaya hata moja iliyokwisha?"

"Hakuna. Wanaosoma hawajaacha kusoma. Wanaokufa hawajaleta malalamiko."

Siwema alikaa chini pale pale sakafuni. Mtu yeyote aliyelelewa katika nyumba ya watu angejua kwamba kiporo huwekwa na anayetarajia kuamka kesho. Anayesafiri humaliza chungu. Lakini mtambo haukulelewa na mtu, uliandikiwa tu, na yeye aliyeuandikia hakuona haja ya kuufafanulia jambo ambalo hata mtoto analijua.

Aliifuta amri ile, akaagiza mwisho. Msukavisa hakuchukua muda. Jabu alirudi, akambusu mama yake mkono, akala, akalala kitandani kwake, na nje mvua ikanyesha. Kwa haki ya Mungu ulikuwa mwisho mzuri, na Siwema aliusoma njiani akilia.

Alimsomea mama taratibu, neno kwa neno. Bi Mwamvita alisikiliza amefumba macho. Alipomaliza, mama alitikisa kichwa.

"Hajarudi huyo."

"Amerudi, Mama. Si umesikia? Amekula, amelala."

"Hata sura ile ya mafuriko alirudi hivi hivi, kumbe mwizi kavaa koti lake. Na ile ya harusi je? Wee! Nimeshawazoea mafundi wako. Wanataka nifurahi kwanza, halafu wanigeuzie kibao. Soma mbele."

"Hakuna mbele. Ndiyo mwisho wenyewe."

"Ah, soma bwana, usinitanie."

Siwema aliweka chini kiwambo cha mkononi. Akamshika mama mikono miwili, ile mikono yenye sugu za mkasi, na akasema jambo ambalo hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kulitamka.

"Mama, tuachane na Jabu. Mbwana amekufa. Chombo kilipasuka, hakutoka hata mmoja. Nilikuwepo walipoyasoma majina. Kaka amekufa, Mama, na wala hatukumlilia."

Alingoja kilio. Alikitaka kilio kile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani. Alitaka mama amlilie mwanawe hata kwa saa moja, kama mama yeyote, ndipo aende zake.

Bi Mwamvita alifumbua macho. Yalikuwa yanang'aa. Alimpigapiga binti yake mgongoni kama anayembembeleza mtoto aliyeota ndoto mbaya.

"Nyamaza, mwanangu, usiogope. Hapo ndipo wanapotupatia. Wakishasema amekufa, basi ujue yuko karibu."

Kila neno ambalo Siwema angelisema, la kweli au la uongo, lilikwishatumiwa na mtambo wake kwa hila. Alijichukia. Aliziwaza nyumba zote za mji ule, na wote waliofundishwa na yeye kutoamini kwamba jambo linaweza kwisha, na akaona hana pa kuanzia.

"Enhe?" mama alimhimiza. Pete kidoleni mwake ilikuwa ikimeta haraka haraka, moyo ukikimbia kama ulivyopangiwa. "Ikawaje?"

Alikata roho alasiri ile, macho yake yakiwa kwenye midomo ya binti yake, akingoja aendelee.