Uzi Mwekundu

Anayetaka kubisha na abishe. Haya yalimpata rafiki yetu mmoja, tuliyembandika jina la Twiga kwa urefu wake.

Likizo ile sote tulikwenda makwetu, yeye akabaki bwenini peke yake. Mama yake, fundi cherehani, walikuwa wamemzika muhula uleule. Baba yake akampigia simu: "Baki huko huko, mwanangu. Nyumba bila mama yenu imenishinda, nimehamia kwa shangazi yako."

Mchana Twiga akashuka chumba cha chini kisicho na dirisha, tunakoanika nguo, kuanua shati lake jeupe, lile lililokatika kifungo cha shingoni. Vifungo vyake vyote mama alivishona kwa uzi mwekundu, shati liwe la rangi yoyote. "Nguo ya mwanangu niijue hata kwenye kamba ya watu mia," alikuwa akisema, kisha anaukata uzi kwa meno, kt.

Alipofika kwenye kamba, umeme ukakatika. Giza totoro. Bomba likawa linadondosha maji, tone, tone. Halafu akasikia nguo ikikung'utwa, na mtu akishusha pumzi kama aliyechoka.

"Mlinzi, ni wewe?"

Karibu kabisa na sikio lake: kt.

Akalikwapua shati, akapanda ngazi mbio hadi getini, alikokuwa mlinzi na redio yake.

"Vipi, Twiga? Mbona unalia?"

Twiga alikuwa ameishika kola. Kifungo kilikuwepo, kimeshonwa kwa uzi mwekundu, na ncha ya uzi ilikuwa bado mbichi kwa mate.