Mbaabu Ahesabu Ndizi

Nkirote wa Nkubu alipenda ndizi mbivu kuliko nyama. Tangu apatikane na kisukari, aliupita mkungu jikoni akiutazama kwa jicho la pembeni. Mumewe, Mbaabu, alizihesabu zile ndizi kila jioni. Alidhani huo ndio upendo.

Kila Jumatatu asubuhi Karambu, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuja kumpima sukari. Wiki iliyopita ilikuwa nane. Nkirote alitaka ishuke zaidi. Basi siku tatu mfululizo alikosa chakula cha jioni makusudi. Vidonge vya jioni pia aliviacha.

Jumatatu ikafika. Karambu akasoma kipimo. "Kumi na moja, Mama Mukami," alimwambia Nkirote.

Mbaabu akacheka. "Kumbe unakataa githeri yangu ya mahindi na maharagwe, halafu unaamkia ndizi?"

Nkirote aliumia. Miaka thelathini ya ndoa, leo anaitwa mwizi jikoni kwake.

"Nenda uzihesabu," alisema.

Mbaabu akaenda. Zilikuwa arobaini na mbili, kama jana. Alirudi akaitaja hesabu.

"Mama hajadanganya," Karambu alisema. "Hiyo sukari mwili wake umeipika."

"Kwa jiko gani?" Mbaabu aliuliza.

"Ini. Ukikaa bila chakula, ini linatengeneza sukari, ndio ubongo usikose nguvu. Ndani yake kuna vimeng'enya. Ni vidogo sana, huwezi kuviona, lakini ndivyo vinafanya hiyo kazi. Kwa mtu hana kisukari, insulini inaviambia, sasa imetosha. Kwa Mama, havisikii vizuri."

"Ni kama wewe nikikuambia uache kuhesabu," Nkirote alimwambia mumewe.

"Vile vidonge vyako vinatuliza hiyo kazi ya ini," Karambu aliendelea. "Jioni ulimeza?"

Nkirote aliinamisha kichwa. "Nilifikiri mtu asipokula hahitaji dawa."

"Kula kidogo, mapema, na umeze vile daktari aliandika. Ukitaka kubadilisha kitu, uliza kliniki kwanza."

Nkirote alifuata ushauri huo. Kila jioni alikula githeri na mboga, akameza kidonge. Jumatatu iliyofuata kipimo kilisoma saba. Alifurahi mpaka akamkumbatia Karambu.

"Nusu ndizi baada ya chakula inaruhusiwa," Karambu alisema.

Mchana Mbaabu alimenya ndizi moja, akaikata katikati, akampa mkewe nusu. "Nisamehe, Mama Mukami."

Nkirote aliila polepole. "Sasa zimebaki ngapi?"

"Sijui," alisema Mbaabu. "Niliacha kuhesabu."