Mkaa Usio na Moshi

Enosi wa Isongole alikuwa mkulima wa viazi mviringo. Miaka hiyo serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria. Malori ya Dar es Salaam yalikuja kununua viazi kando ya barabara. Maduka ya Tukuyu, ambayo zamani yalikuwa na rafu tupu, yalijaa mabati, saruji na vioo. Enosi akauza viazi, akajenga nyumba ya tofali za kuchoma. Kila ufa aliuziba. Majirani walimtania kwamba humo hata panya itabidi apige hodi.

Mama yake, Anyosisye, alibaki katika nyumba yake ya mianzi na nyasi, hapo hapo uani. Moshi wa kuni zake ulitokea kila upande.

Mwezi wa saba, baridi ilipokuwa kali, Ikupa mke wa Enosi alijifungua mtoto wa kiume. Kwa desturi yao mzazi hukaa ndani akiota moto, na mume hulala kwingine.

"Mlete kwangu," alisema Anyosisye. "Kuni zipo. Mzazi asipigwe na baridi."

"Mama, sasa nimejenga nyumba ya nini?" Enosi alijibu. "Nitamwekea jiko la mkaa. Mkaa hauna moshi, hauchafui ukuta."

Jioni aliweka jiko karibu na kitanda. Akafunga dirisha. Akaziba chini ya mlango kwa magunia. Chumba kikapata joto zuri.

"Ndaga," Ikupa alimshukuru.

Asubuhi Enosi alipeleka uji. Aliita, hakuna aliyeitika. Akasukuma mlango kwa bega. Ikupa alikuwa kitandani, macho nusu wazi, hawezi kusema. Enosi alimburuta hadi nje kwenye majani yenye umande. Akarudi kumchukua mtoto. Mtoto alikuwa ameshakufa.

Walimzika kando ya mianzi. Ikupa alipata nafuu, lakini hakuzungumza. Alikaa akitazama mikono yake. Enosi naye hakwenda shambani. Viazi vikaanza kuoza ardhini, na hakujali.

Watu walipokuja kwenye msiba, walinong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Enosi alishika neno hilo kwa sababu hakuwa na lingine la kushika. Akamkumbuka jirani yake, mzee Ambindwile. Mzee huyo aliwahi kuomba tofali zilizobaki, na Enosi alimnyima. Tangu siku hiyo ya msiba, Enosi hakuitikia salamu ya mzee.

Baridi haikupungua. Enosi aliogopa Ikupa naye asife. Kwa hiyo akafanya kile alichojua. Aliwasha jiko tena, akafunga mlango.

Siku moja mchana Esnath, muuguzi wa zahanati, alikuja kumwona mzazi. Alimkuta Ikupa akitapika, ameshika kichwa. Esnath hakusalimia. Alimtoa Ikupa nje, akafungua dirisha, kisha akabeba jiko hadi uani.

"Nani aliweka jiko hili?"

"Mimi," alisema Enosi. "Tunarogwa, nesi. Mtoto amekwenda, sasa ni zamu ya mama yake."

Esnath alimfunika Ikupa blanketi, akakaa naye hadi alipoweza kunywa maji. Kisha akabandika sufuria ya maji kwenye jiko lile, huko uani. Maji yalipochemka, aliinua mfuniko.

"Unaona nini hapa chini ya mfuniko?"

"Matone ya maji."

"Maji yalipata moto yakawa mvuke. Mvuke ukagusa mfuniko wa baridi, ukarudi kuwa maji. Ni maji yale yale, yamebadilika umbo tu. Sasa niambie. Gunia lako la mkaa lilikuwa limejaa?"

"Lilijaa. Sasa limebaki nusu."

"Majivu yake yako wapi?"

Enosi alimwonyesha. Yalikuwa kidogo sana, yasingejaza bakuli.

"Mkaa mwingine wote umekwenda wapi, baba?"

Enosi hakuwahi kujiuliza.

"Umeungana na hewa ukawa gesi," alisema Esnath. "Hicho ni kitu kipya. Gesi hairudi kuwa mkaa, hata ukiipoza. Na hewa ikiwa haba, kama ndani ya nyumba yako, mkaa hutoa gesi yenye sumu. Inaitwa kaboni monoksidi. Haionekani, wala hainuki."

"Lakini hapakuwa na moshi."

"Moshi ungewakohoza, wangeamka. Gesi hii humkuta mtu amelala ikamwacha alale."

Anyosisye, aliyekuwa akisikiliza hapo uani, alitazama nyumba yake ya mianzi, kisha akajifunika uso kwa khanga.

"Basi nilimuua mimi," alisema Enosi.

"Hukujua," alisema Esnath. "Sasa unajua. Jiko likiwaka lisilale ndani na watu, hata dirisha likiwa wazi. Mama apewe mablanketi. Mtoto akizaliwa, akae kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Hilo ndilo joto lake."

Enosi alichukua nyundo na tindo. Akatoboa ukuta juu ya dirisha, tofali baada ya tofali, huku machozi yakimtoka. Jiko likahamia jikoni, nje. Kichwa cha Ikupa kikaacha kuuma.

Kisha Enosi alibeba zile tofali hadi kwa Ambindwile. Alisimama nazo mlangoni.

"Nimeshasikia," alisema mzee. "Ziweke hapo. Kaa."

Baridi nyingine ilipofika, Ikupa alijifungua mtoto wa kike, Tusajigwe. Enosi, aliyelala kwa mama yake kama desturi ilivyotaka, hakupata usingizi mzuri. Alfajiri alikwenda akasimama nje ya dirisha la Ikupa. Ndani, Tusajigwe alilia kwa sauti kubwa.

"Baba Tusajigwe," Ikupa aliita alipomwona, "huyu hanyamazi. Amekusumbua?"

"Mwache," alisema Enosi.

Akaketi chini ya dirisha, kwenye umande, akamsikiliza mwanawe akilia mpaka jua likatoka.