Tuta Lililolala na Koti

Ilikuwa asubuhi ya kawaida ya Aprili, nje kidogo ya mji wa Vologda, Urusi. Theluji ilibaki kivulini tu, na Zinaida alikuwa akipigilia mbao za kuzungushia tuta lake. Lake! Miaka yote ya ndoa, mama mkwe wake Klavdia hakumwachia hata pembe ya kupanda kitunguu. Hata mume hakumwachia: Arkadi alibaki mtoto wa mama mpaka mvi zikamwota. Sasa Klavdia kazikwa, na Zinaida alitaka vitu viwili tu, bustani na mume.

Ndani ya mbao alipanga magogo, juu yake matawi na majani makavu, kisha samadi mbichi ya kuupasha joto udongo wa juu. Kati ya majani na samadi akatupia koti la pamba la marehemu.

Jirani yake, Rimma, alichungulia juu ya uzio. "Wee Zina! Nguo za marehemu, na arobaini haijafika? Si ungengoja uwagawie watu wamkumbuke?"

"Aoze huko, mwenzangu. Akiwa hai hakunifaa, basi sasa anirutubishie figili."

"Mh! Mdomo huo utakuponza."

Figili zilichipua upesi mno. Baridi ilirudi ikaunguza miche ya majirani wote, lakini tuta la Zinaida lilifuka mvuke. Ni samadi, alijiambia. Lakini samadi hupoa, na tuta hili halikupoa.

Kisha Arkadi akaanza kuketi ukingoni mwa tuta. Mchana kutwa. Viganja vimezama udongoni, midomo ikicheza.

"Arkasha," Zinaida alimwita kwa jina la mahaba, "njoo unywe chai."

"Shh," alinong'ona. "Mama anasema umezipanda zimebanana. Anasema hujui kitu tangu siku ile nilipokuleta."

Zinaida aliumia kabla hajaogopa. Hata kafa, mwanamke huyu hashibi! Akashika uma wa kulimia, akachimba jua likiwa utosini, Arkadi akilia kama kitoto. Figili ziliruka. Samadi ilikuwa baridi. Majani, baridi. Magogo yalikuwa na barafu. Koti halikuwepo. Mahali pake palikuwa na uwazi tu, urefu wa mtu aliyelala ubavu.

Siku hiyo hiyo alimrudisha mumewe kwenye nyumba yao ya mjini. Arkadi hakubisha. Alikula, akalala. Zinaida alilia kwa furaha, maana aliamini ameshinda.

Alfajiri alinyoosha mkono kumtafuta. Arkadi alikuwa mbali, amejibana ukutani, uso kauelekeza katikati ya kitanda, akitabasamu kwa namna ambayo hakuwahi kumtabasamia mkewe. Naye Zinaida alijikuta ukingoni, nusura aanguke. Kati yao shuka lilikuwa limebonyea. Aliligusa. Lilikuwa na joto, na punje za udongo mweusi.

Amelifua mpaka limechakaa. Udongo hauishi. Na kila usiku Arkadi humnong'oneza, kwa upole ambao mkewe aliusubiri maisha yake yote:

"Sogea kidogo, Zina. Unambana."