Kitambaa cha Kompyuta

Kila siku akitoka shule, Nasinkoi alipitia ofisi ya kuchapa ya mama yake mdogo aliyekuwa akiishi naye, Mama Beatrisi, pale Chanika mjini Handeni. Kazi yake ilikuwa kufuta vumbi. Na vumbi la Handeni, jamani! Ukifuta meza hii na kugeukia ile, ya kwanza imeshakuwa nyekundu tena. Mwisho wa yote alifunika kompyuta kwa kitambaa cheupe, baada ya dada Yuditha, mchapaji, kuizima na kuiacha ipoe. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya ofisi.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu. Mama Beatrisi aliinunua Korogwe miaka ile mashamba ya mkonge yalipokuwa yakiuzwa kwa watu binafsi na vifaa vya ofisi kupigwa mnada. Ilikuwa nzito kama gunia la mahindi, na maandishi yake yalikuwa ya kijani. Lakini Handeni yote wakati huo kompyuta zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, hivyo watu walileta barua zao zichapwe huku wengine wakichungulia dirishani. Aliyeijua vizuri ni Yuditha, binti kutoka kijiji cha Mashewa, aliyeishi chumba cha nyuma na kumpelekea mama yake mgonjwa matumizi kila mwezi.

Sasa sikilizeni kilichotokea Jumatano. Darasa la sita walikuwa wamefundishwa kufuma, na Nasinkoi akamaliza kitambaa cha nyuzi za buluu chenye vishada virefu vya kuning'inia. Kilipendeza, si utani! Na ni nyumba gani yenye redio au kochi lisilofunikwa kitambaa? Alitaka kukiona juu ya kompyuta siku hiyohiyo. Alipofika, Yuditha alikuwa ameenda kuchota maji na mashine inaunguruma. Nasinkoi hakusubiri. Alikitandaza, lakini upepo wa feni ya ndani ya mashine, uliotokea kwenye matundu ya nyuma, ukawa unavipeperusha vishada. Naye, kwa akili zake, akavichomeka kwenye matundu hayo ili vitulie.

Krrrr! Feni ikang'ata uzi. Nasinkoi akavuta kwa nguvu, kitambaa kikatoka kikiwa kimepungukiwa na kishada kimoja. Akakisokomeza kwenye mfuko wake wa shule. Yuditha akarudi, akakaa, akachapa. Haikupita nusu saa, ikanuka harufu ya kuungua na kioo kikawa cheusi.

"Uliiacha inawaka ukaenda zako?" Mama Beatrisi alifoka.

"Nilikwenda bombani tu, mama. Dakika tano."

"Dakika tano hizo zimeniulia mashine! Jumamosi naipeleka Korogwe kwa fundi. Isipowaka, Yuditha, urudi kwenu Mashewa. Nitakuweka hapa ufanye kazi gani?"

Nasinkoi alikuwa amesimama palepale na kitambaa cha kufutia mkononi. Akageuka kufuta meza aliyokwisha kuifuta.

Alhamisi na Ijumaa hazikukalika. Darasani alikalia upande huu, akahamia ule, akaangusha penseli mpaka mwalimu akamuuliza kama ana siafu kwenye sketi. Jioni ya Alhamisi alikwenda mpaka mlangoni kwa Yuditha, akamkuta anakunja nguo zake taratibu.

"Unasemaje, mdogo wangu?"

"Nimekuja... kuazima ndoo."

Akapewa ndoo asiyokuwa na haja nayo. Ijumaa akarudi tena, akaondoka na ndoo ya pili! Aliogopa kurudishwa kwa baba yake, Mzee Salaash, kule Kang'ata, na shule iishie hapo. Hakuna aliyemtishia hivyo. Ni woga wake mwenyewe uliomtungia maneno.

Jumamosi asubuhi wote watatu walipanda basi la Korogwe. Mashine iliwekwa miguuni pa Mama Beatrisi, imefungwa kwa kanga. Yuditha alibeba begi lake lenye kila alichokuwa nacho. Ikishindikana, angepitiliza moja kwa moja na gari la Mashewa la saa nane mchana. Nasinkoi alikaa katikati yao na mfuko wake wa shule mapajani. Kitambaa kilikuwa humo ndani. Barabara ilikuwa ya mashimo, lakini aliyehangaika zaidi kwenye kile kiti hakuwa akirushwa na mashimo.

Fundi Semboja alikuwa mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Zamani alifanya kazi katika ofisi za mkonge, na kompyuta za aina ile alizijua. Alikuwa na utaratibu wake: hashiki bisibisi kabla ya kusikia habari za mashine.

"Shikamoo mzee," walimsalimia.

"Marahaba. Haya, mgonjwa wenu alianzaje? Kabla ya kuzima ilitoa sauti gani?"

"Sikusikia sauti, mzee," alijibu Yuditha. "Niliporudi na maji ilikuwa inawaka, ila kimya kuliko kawaida."

Mzee Semboja alichomeka waya, akabonyeza swichi. Kimya. Akatikisa kichwa. "Boksi la umeme limekufa. Hili silifungui kwa kubahatisha, hukaa na umeme hata likichomolewa. Itabidi niagize jingine Dar, na la zamani hivi sidhani kama lipo."

Mama Beatrisi alishusha pumzi. Yuditha alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na nusu. Akainama, akachukua begi lake.

"Basi, mama, ngoja niwahi gari. Ahsante kwa yote."

Alikuwa ameshavuka kizingiti.

"Ilifanya krrrr!" Nasinkoi alipiga kelele. "Dada Yuditha, usiende! Ni mimi!"

Akakitoa kitambaa. Akaeleza yote huku analia, tangu vishada mpaka ndoo. Mama Beatrisi alibaki ameshika kiuno. Mzee Semboja yeye alikipokea kitambaa, akahesabu vishada, akakuta pengo.

"Aa! Sasa umenipa habari za mgonjwa. Kaeni chini."

Alichomoa waya, akasubiri muda mrefu, kisha akafungua boksi. Uzi wa buluu ulikuwa umejiviringisha kwenye feni kama kamba shingoni mwa mbuzi. Feni ilikwama, joto likazidi, fyuzi ikakatika. Alitoa uzi kwa koleo ndogo, akafuta vumbi, akaweka fyuzi mpya, akafunga. Alipobonyeza swichi, feni ikazunguka. Piip! Namba za kijani zikaanza kujihesabu zenyewe kiooni.

"Imewaka!" Mama Beatrisi alipiga makofi. Kisha akamgeukia Yuditha, na sauti yake ikashuka. "Nisamehe, binti yangu. Nilikuhukumu bila kuuliza."

Yuditha alikuwa akimtazama Nasinkoi. "Siku tatu, Nasinkoi. Uliniona nakunja nguo."

Nasinkoi aliinamisha kichwa. "Nisamehe, dada."

"Mjukuu wangu," alisema Mzee Semboja, "kuharibu kitu si ajabu, hata mimi nimeunguza vingi. Ila ungesema Jumatano, dada yako angelala usingizi siku tatu hizi. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako. Na mashine haifunikwi ikiwa inafanya kazi."

Mama Beatrisi akasema kitambaa kitatumika, vishada vikikatwa vyote. Nasinkoi akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anasubiri la kwake, arudishwe Kang'ata au achapwe.

Yuditha alifuta macho, akaliburuta begi mpaka miguuni pa Nasinkoi. "Beba hili. Na ukifika nyumbani unirudishie ndoo zangu zote mbili."

Begi lilikuwa zito kweli. Nasinkoi alilitwika kichwani, akatangulia kuelekea stendi ya mabasi ya Handeni.